Aliyekwisha Kufaulu Asirudishwe Mwanzo

Na Mwandishi Wetu

Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Kasulu, ambayo wenzao wa Kibondo pia walihudhuria.



Nimetakiwa nizungumze juu ya mitihani na vyuo, na huenda baadhi yenu mlitazamia nieleze namna ya kuwafanya vijana wafaulu. Hilo mnalijua ninyi zaidi yangu, maana ninyi ndio mnaoshinda na chaki mikononi. Mimi nataka kuzungumzia jambo linalofuata baada ya kufaulu. Mtihani ukishafanywa, ukishasahihishwa, na cheti kikishatiwa muhuri, ni nani anayekiheshimu? Na anakiheshimu kwa kiasi gani?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Naomba niwape mifano miwili ili tuone kwamba si dogo hata kidogo.

Mfano wa kwanza unatoka nyumbani kwetu. Dada yangu ni mwalimu. Alianza na cheti cha ualimu cha Daraja A, akafundisha shule ya msingi, kisha akasoma stashahada, akafaulu vizuri, akapelekwa kufundisha sekondari. Alipokwenda chuo kikuu, ambacho sitakitaja, aliwekwa mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliotoka Kidato cha Sita miezi michache tu iliyopita. Akafundishwa namna ya kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Ndugu zangu, dada yangu alikuwa ameyaandaa maandalio hayo kwa miaka kumi na mmoja! Alipouliza kama mtihani wa stashahada alioufaulu katika somo lile lile hauwezi kuhesabiwa, alijibiwa kwamba utaratibu huo haupo. Hakuambiwa kwamba hajui, wala hakuambiwa kwamba cheti chake ni hafifu. Aliambiwa tu kwamba utaratibu haupo. Basi akalirudia somo, akalilipia ada kwa mkopo wa benki, na watoto wake wakaendelea kulelewa na bibi yao.

Mfano wa pili niliukuta Kibondo. Ni kijana Mtanzania, mama yake Muha wa huku huku, ambaye alilelewa na kusomeshwa na ndugu za baba yake ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, hadi akafanya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Alirudi nyumbani na cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa. Kwa mwaka mzima alizunguka nacho kikiwa ndani ya bahasha, ofisi hii ikimtuma ile, na ile ikimrudisha hii. Mwishowe mtu mmoja alimshauri, kwa nia njema kabisa, arudi akaanze Kidato cha Tatu. Kijana wa miaka 21, mwenye cheti cha taifa zima mkononi, arudi akavae kaptula! Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba ipo ofisi ya Serikali ambayo kazi yake mojawapo ni kusoma cheti cha namna ile na kutamka thamani yake hapa kwetu.

Hao ni watu wawili waliofaulu, na wote wawili walirudishwa mwanzo, au nusura warudishwe. Neno langu la leo ni hili: elimu ambayo mtu amekwisha kuithibitisha kwa mtihani wa haki isilazimishwe kurudiwa kwa sababu tu hakuna aliyejishughulisha kuisoma. Nasema mtihani wa haki, na nasema kuithibitisha. Sisemi kila karatasi yenye muhuri ipokelewe. Sharti hilo nitalirudia, maana bila ya hilo hoja yangu yote itaanguka.

Ndugu Mwenyekiti, kabla ya kwenda mbele yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya, na kuchanganya huko ndiko kunakowapotosha vijana.

Jambo la kwanza ni ulinganifu. Hapa swali ni: cheti hiki cha nje kinalingana na kipi cha kwetu? Kwa vyeti vya sekondari jibu hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa vyeti na stashahada za ufundi na fani nyingine ambazo si za chuo kikuu, jibu hutolewa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Kwa shahada, ni Tume ya Vyuo Vikuu. Hiyo ndiyo milango mitatu, na kila mlango una wenyewe.

Jambo la pili ni udahili. Hapa swali ni: mtu huyu anastahili kuingia chuoni? Kwa kijana wa Kidato cha Sita anayetaka shahada, sharti la msingi ni ufaulu wa ngazi ya juu katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, juu ya masharti mengine ya kozi yenyewe. Mwenye cheti cha nje hupimwa kwa kipimo hicho hicho baada ya cheti chake kulinganishwa.

Jambo la tatu, ambalo ndilo hasa lililonileta hapa, ni kuhesabiwa masomo. Hapa swali ni: mtu huyu akishaingia, je, yale aliyokwisha kuyafaulu yanapunguza yale anayotakiwa kuyasoma? Vyuo vyetu hupima masomo kwa kipimo kiitwacho krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, pamoja na darasani, maktabani na kwenye mazoezi. Mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu inatambua kwamba mwanafunzi anaweza kuhama chuo kimoja kwenda kingine akiwa na krediti zake, kwa masharti maalumu. Lakini kwa mwalimu mwenye stashahada anayepanda kwenda shahada ya ualimu ule ule, mara nyingi sana hesabu huanzia sifuri.

Hebu tupige hesabu kidogo. Somo moja la krediti 10 ni saa 100. Mwalimu akirudia masomo matatu anayoyajua, amezika saa 300. Kwa siku ya kazi ya saa 8, hizo ni siku 37 na nusu. Mwalimu huyo anadaiwa na darasa lake katika kata ambayo pengine ina mwalimu mmoja tu wa hisabati. Kwa hiyo basi, wale wanaodhani kwamba jambo hili ni la mtu binafsi na ada yake, wanakosea. Siku hizo 37 na nusu ni mali ya wananchi.

Sasa, ndugu zangu, thamani ya mtihani hutoka wapi? Ugumu wa maswali peke yake hauleti thamani hiyo. Huletwa na imani ya yule anayeupokea, na sisi Watanzania tunayo historia inayotufundisha hivyo.

Mwalimu Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943, akatoka na stashahada ya ualimu, akafundisha Tabora. Makerere ya wakati ule, pamoja na kwamba ilikusanya vijana hodari kuliko wote wa Afrika Mashariki, haikutoa shahada. Aliyetaka shahada ilimpasa avuke bahari. Mwaka 1949 Mwalimu akaenda Edinburgh, akarudi 1952 akiwa na shahada ya M.A. Mwaka ule ule wa 1949 Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na kuanzia hapo wanafunzi wake wakaweza kusomea shahada za London pale pale Kampala. Kilima cha Makerere kilikuwa ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa London alikubali kuisoma karatasi iliyoandikwa Kampala.

Baada ya uhuru nchi zetu tatu ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 ikaunda kwa sheria Baraza lake la Mitihani. Kenya na Uganda nazo zikaunda mabaraza yao katika miaka ya 1980. Hatukukosea kuchukua mitihani yetu mikononi mwetu, maana taifa haliwezi kuwapima watoto wake kwa rula ya mtu mwingine siku zote. Lakini tuliposhika kila mmoja rula yake, tulijitwika pia wajibu mpya, nao ni wajibu wa kusoma rula ya jirani. Wajibu huo wa pili tumeutimiza kwa uvivu.

Tena tukumbuke Azimio la Musoma la Novemba 1974. Azimio lile lilitaka kijana amalize Kidato cha Sita, aende Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi, ndipo aingie Chuo Kikuu akiwa na ushuhuda wa mwenendo wake kazini. Masharti yale yalilegezwa baadaye, na yapo mengi ya kuyajadili. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo moja ambalo halijachakaa: kwamba kazi nayo hufundisha, na chuo kinapompokea mtu hakina budi kutazama aliyoyafanya pamoja na aliyoyakariri.

Ndugu Mwenyekiti, wenzetu wa nchi nyingine wamelitendaje jambo hili? Nitatoa mfano wa Marekani. Mtu asiseme kwamba natamani ya kigeni. Natoa mfano huo kwa sababu huko jambo hili limekuwa kubwa, mazuri yake na mabaya yake yanaonekana wazi.

Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Baraza la Elimu la Marekani lilisimamia utungaji wa mitihani kwa ajili ya askari waliokatiza sekondari kwenda vitani. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: mtu huyu amekuwa mbali na darasa, lakini hakuwa mbali na kujifunza. Tumpime, tusimrudishe akakae na watoto. Naomba mlishike hilo, maana nasi huku Kigoma tunazijua vita na watu waliokatiziwa masomo.

Katika miaka ya 1950 ikaja mitihani ya Advanced Placement, inayoendeshwa na College Board. Mwanafunzi wa sekondari husoma somo kwa kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo, kisha hufanya mtihani mmoja kwa nchi nzima. Alama ni 1 hadi 5, na 5 ndiyo ya juu. Vyuo vingi hutangaza kwamba kwa alama fulani katika somo fulani vitatoa krediti kadhaa. Vingi huanzia alama ya 3, vingine hudai 4 au 5, na vingine humruhusu mwanafunzi aruke somo la mwanzo bila ya kumpunguzia idadi ya masomo. Mwaka 1967 ikaongezwa mitihani mingine kwa ajili ya watu wazima waliojifunza kazini au kwa kujisomea. Jimbo la Illinois, kwa mfano, lilipitisha sheria mwaka 2015 ya kuvilazimisha vyuo vyake vya umma kutoa krediti kuanzia alama ya 3, ili karatasi moja isiwe na bei mbalimbali katika jimbo moja.

Utaratibu huo una kasoro, na kasoro zake tusizifumbie macho. Kila mtihani wa Advanced Placement hulipiwa karibu dola 100. Shule za watu wenye nacho hutoa masomo mengi ya namna hiyo, na za maskini hutoa machache. Kwa hiyo kijana wa tajiri huingia chuoni akiwa amekwisha kupunguza muhula mzima, na wa maskini huanza mwanzo. Chombo kilichokusudiwa kuokoa muda wa watu kikaokoa zaidi muda wa wale ambao tayari wanao. Tukiiga, tusiige hilo.

Lakini lipo jambo moja la kuiga bila ya woga, nalo ni jedwali. Mwanafunzi hufungua orodha ya chuo akaona kwamba mtihani huu, kwa alama hii, una thamani hii. Hamwombi mtu fadhila wala hangoji mkuu wa idara arudi safarini. Jibu limeandikwa kabla ya swali kuulizwa.

Tuwatazame sasa majirani zetu, maana ndio wanaotuhusu sisi tulioko Kasulu na Kibondo. Mama wa Kibondo akienda gulioni Mabamba huelewana na mama wa Burundi bila ya mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Vyeti vya watoto wao ndivyo vinavyohitaji mkalimani. Tangu miaka ya 1990, Nyarugusu huku Kasulu, Nduta kule Kibondo, na kambi nyingine zilizofungwa zamani, zimewapokea maelfu kwa maelfu ya watoto wa Burundi na Kongo. Watoto hao wamefundishwa kwa mitaala ya nchi walikotoka, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi kwao wasiwe wageni katika madarasa ya nyumbani. Shabaha hiyo ilikuwa njema. Lakini maana yake ni kwamba ndani ya wilaya hizi hizi, si mbali na mahali tulipoketi, watoto wamekuwa wakisoma kwa rula tofauti na yetu, na baadhi yao wamefikia umri wa kubisha hodi vyuoni, kwao na kwingineko.

Kongo imekuwa na Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari tangu mwaka 1967. Matokeo yake hutolewa kwa asilimia, na kufaulu huanzia 50. Burundi nayo ina Mtihani wake wa Taifa. Je, cheti cha Kongo chenye asilimia 60 ni sawa na Kidato cha Sita, au na Kidato cha Nne? Hapo ndipo ubishi unapoanzia, na mara nyingi huendeshwa kwa kuhesabu miaka. Tanzania na Uganda zimekuwa na miaka 13 kabla ya chuo kikuu: 7, na 4, na 2. Wakongo na Warundi wana miaka 12. Wakenya wa mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, nao wana miaka 12. Basi mtu husema: wamepungukiwa mwaka mmoja, warudi nyuma.

Ndugu zangu, hoja hiyo ina hatari. Sera yetu ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika toleo lake la 2023, inatupeleka kwenye elimu ya msingi ya miaka 6 badala ya 7. Ukijumlisha 6, na 4, na 2, unapata 12. Watoto wetu wenyewe watafika mlangoni mwa chuo kikuu wakiwa na miaka ile ile tunayowahukumia wenzao leo. Je, tutawaambia nao wamepungukiwa? La hasha! Kwa hiyo miaka pekee si kipimo. Kipimo ni somo lenyewe: mada zipi zimefundishwa, kwa kina gani, na mtihani umetungwa na kusimamiwa namna gani. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuhesabu miaka kwa vidole, lakini ndiyo kazi ya haki.

Wala hatuwezi kusema kwamba hatukuahidi. Mwaka 1981 nchi za Afrika zilikutana Arusha, katika ardhi hii yetu, zikapitisha mkataba wa kutambua masomo na vyeti vya elimu ya juu baina yao. Mkataba huo ulifanywa upya Addis Ababa mwaka 2014, na huo mpya ukaanza kutumika mwaka 2019. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba eneo letu lote ni eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala likapewa kazi ya kuoanisha viwango. Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007, na Kongo iliingia mwaka 2022. Ahadi basi zipo, tena ziko nyingi. Kinachokosekana ni ahadi hizo kufika mezani kwa karani anayepokea bahasha ya kijana yule wa Kibondo.

Na mtu asiseme kwamba haliwezekani. Kule Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, tangu mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na vya York na British Columbia vya Kanada, vilishirikiana kuwasomesha walimu wa kambini na wa vijiji vya jirani. Mpango wao ulikuwa wa ngazi: cheti kilihesabiwa kuelekea stashahada, na stashahada kuelekea shahada. Mwalimu aliyesimamishwa na maisha katikati ya safari hakupoteza alichokwisha kukipata. Alipata ngazi moja, akairudia safari alipoweza, akaanzia pale alipoishia. Na hapa kwetu VETA imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunza mitaani, seremala na fundi magari, na wanaofaulu hupewa vyeti bila ya kulazimishwa kukaa darasani kama wageni wa randa na spana. Kama tumeweza kuuamini mtihani kwa fundi seremala, kwa nini tusiuamini kwa mwalimu?

Ndugu Mwenyekiti, najua wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Watasema kwanza kwamba mlango huu utawafaa wadanganyifu. Tunakumbuka sote kwamba mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Idadi hiyo ni aibu, na haipaswi kusahauliwa. Lakini tuitazame vizuri. Watu hao hawakuingia kwa sababu tulisoma vyeti kupita kiasi. Waliingia kwa sababu vyeti vilipokelewa bila ya kusomwa. Jibu la udanganyifu ni kuuliza chanzo: baraza lililotoa cheti liulizwe, namba ya mtahiniwa itafutwe, alama zilinganishwe. Uhakiki huo huo unaomfukuza mwongo ndio unaomwokoa mkweli. Aliyekataa kusoma cheti cha mkweli hajamkamata mwongo hata mmoja.

Watasema pili kwamba elimu huchakaa: aliyefaulu miaka kumi na mitano iliyopita amesahau. Huenda ni kweli. Basi apimwe! Chuo kitunge mtihani wa somo lile, akifaulu ahesabiwe, akishindwa asome. Mtihani wa saa tatu ni bei ndogo kuliko somo la saa 100.

Watasema tatu kwamba chuo kina hadhi yake, na shahada yake isiwe viraka vya vyuo vingine. Nakubali kwamba lazima uwepo mpaka, na sehemu kubwa ya shahada isomwe pale inapotolewa. Lakini tujiulize kwa unyofu: je, ni hadhi inayolindwa, au ni ada? Chuo kinachomfundisha mtu anachokijua hakimwongezei elimu, kinamwongezea deni.

Nakuja sasa kwenye wajibu wetu, maana mazungumzo yasiyo na kazi ndani yake ni porojo.

Kwa walimu: mkuu wa shule anapompokea mtoto kutoka ng'ambo, asimshushe darasa kwa kutazama lugha ya cheti chake. Kutojua Kiingereza si kutojua hisabati. Tena tumfundishe kila mwanafunzi kutunza zaidi ya cheti: orodha ya alama kwa kila somo, muhtasari wa masomo, barua ya shule. Chuo hakiwezi kuhesabu somo ambalo hakijui lilikuwa na nini ndani yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu nayo ni mali, na daftari lake ni karatasi hizo.

Kwa watumishi wa umma: ofisi ya elimu ya kila wilaya ibandike ukutani, kwa Kiswahili, milango ile mitatu niliyoitaja, na kila mlango ni wa nani. Afisa asiyejua jibu aseme sijui, nenda mahali fulani. Ushauri wa kubahatisha, hata ukitolewa kwa upendo, unaweza kuula mwaka wa kijana. Na mwenye cheti cha Kifaransa aelezwe mapema kwamba atahitaji tafsiri iliyothibitishwa, ili asiende Dar es Salaam na kurudi mikono mitupu.

Kwa vyuo: chapisheni jedwali. Chuo kinachopokea walimu wenye stashahada kiseme wazi somo gani la stashahada, kwa alama gani, litahesabiwa kwa krediti ngapi. Kama jibu ni sifuri, liandikwe sifuri, na sababu iandikwe pembeni yake. Chuo kitakacholazimika kuandika sababu kitagundua chenyewe ni sifuri zipi zisizo na sababu. Na huduma hiyo isigeuzwe bidhaa ya wenye fedha, tusije tukarudia kosa la Marekani: mwalimu wa Kibondo apimwe kwa ada ile ile, na karibu na kwake iwezekanavyo, sawa na mwalimu wa mjini.

Ndugu zangu, dada yangu alimaliza. Alivaa joho, tukampongeza, tukala pilau. Jioni ile alinionyesha daftari lake la mwaka wa kwanza, somo la maandalio. Kurasa zilikuwa safi, hazina hata sahihisho moja la mwalimu wake. Akasema: tazama, muhula mzima, na hakuna kosa hata moja. Hakuwa anajisifu.

Kuhusu kijana wa Kibondo, nilimwelekeza mlango wa Baraza la Mitihani, naye ameandika barua. Sijui atajibiwa nini, wala siombi apendelewe. Labda cheti chake kitaonekana hakitoshi kwa shahada, na itambidi aanzie stashahada. Lakini jibu hilo, hata likiwa zito, litakuwa limetoka kwa mtu aliyeisoma karatasi yake. Hiyo ndiyo haki ninayowaomba tuisimamie, kila mmoja katika meza yake, kuanzia kesho asubuhi.